Bastola ya Dola Elfu Tatu na Vumbi la Kibaigwa

Kazi iliyonilisha Houston ilikuwa kukereza vyuma. Karakana yetu ilitengeneza viungio vya mabomba ya visima vya mafuta, vipande ambavyo vikizidi kipimo kwa unene wa unywele vinarudishwa, na aliyevikata anaitwa pembeni. Lakini ndugu zangu wa Dodoma wakisikia niliishi Texas hawana habari na mafuta. Wananiuliza bastola. Na swali huja vilevile kila mara: ile ya dola elfu tatu ina nini ambacho ya dola mia tano haina?

Pale karakana wakerezaji wengi walikuwa watu wa kulenga shabaha mwishoni mwa wiki. Jumatatu asubuhi ilikuwa kama kijiwe cha kahawa Majengo siku moja baada ya Simba kucheza na Yanga: kila mtu ana timu, kila mtu ana ushahidi, hakuna anayebadili msimamo. Mimi nilikuwa nasikiliza. Nilichokuja kugundua ni kwamba karibu ubishi wote ulikuwa juu ya mchoro mmoja, uliotoka mikononi mwa mtu aliyefariki mwaka 1926.

Huyo ni John Browning. Bastola yake ilipitishwa na jeshi la Marekani mwezi Machi 1911, na ndiyo maana hadi leo inaitwa 1911. Katika jaribio la mwisho kabla ya kupitishwa ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama. Ilipopata moto kupita kiasi waliitumbukiza kwenye maji, wakaendelea. Jeshi lilikaa nayo mpaka 1985 lilipochukua Beretta, bastola ya Waitaliano. Hataza zake, yaani haki za pekee za mvumbuzi, ziliisha zamani, kwa hiyo mtu yeyote mwenye leseni na mashine anaruhusiwa kuitengeneza, na wengi wanaitengeneza. Wafilipino wa Armscor wanaitoa kwa jina la Rock Island Armory, na nilipokuwa kule ya kawaida ilikuwa inazungukia dola mia tano. Mjini Berryville, Arkansas, mji mdogo ambao Mtanzania hana sababu ya kuujua, kuna watu wanaiuza kwa elfu tatu, elfu nne na kuendelea. Mchoro uleule. Risasi ileile, ya inchi 0.45. Mtutu wa inchi tano kwa zote mbili.

Mtu wa biashara akisikia hivyo anasema ni jina tu. Mkerezaji hawezi kusema hivyo haraka, kwa sababu anajua kwamba michoro miwili inayofanana kwa jicho inaweza kutofautiana kwa saa nyingi za kazi.

Pale kazini palikuwa na mzee mmoja, Mmarekani, aliyekuwa na leseni ya ufundi wa silaha na kijikarakana nyumbani kwake. Jioni na Jumamosi aliunda bastola za watu, moja moja. Nilimzoea kwa sababu alipenda chai yangu yenye tangawizi, na kwa sababu nilijua kukaa kimya mtu anapopima. Kwake ndiko nilikoona fedha zinakoenda.

Bastola hizi zina sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka. Wao na sisi tunaiita slaidi. Inateleza juu ya reli za fremu, yaani kiunzi cha chini unachokishika. Kiwandani, slaidi na fremu hukatwa kwa maelfu, na lazima slaidi yoyote iingie kwenye fremu yoyote. Ili hilo liwezekane, mwanya wa kutosha unaachwa katikati. Ukiitikisa bastola ya namna hiyo sikioni unaisikia ikigonga. Mzee alikuwa anaagiza vipande vilivyoachwa vinene makusudi, visivyoingiliana kabisa, kisha anavipunguza kwa tupa na mawe ya kunolea, na mwishoni anavisugua kimoja juu ya kingine kwa dawa ya kusagia, ile rojo ya mafuta yenye chembechembe ngumu ndani yake. Anasugua, anaosha, anapima, anasugua tena. Mashine ilikwisha kukata vipande vile kwa dakika chache. Siku zake zote zilikuwa za kuvipatanisha.

Reli zenyewe, ajabu, hazina uzito mkubwa katika shabaha kama watu wanavyoamini. Nilidhani mzee ananitania aliponiambia. Kinachopeleka risasi mahali palepale ni mtutu: kila slaidi inaporudi mbele na kujifunga, mtutu unatakiwa ukae pale ulipokaa mara iliyopita, bila kucheza mbele kwenye bushi, ile pete inayoushika mdomoni, wala nyuma kwenye meno yanayoufunga. Pale ndipo alipokuwa anatumia muda mwingi zaidi, kwa taa kali na wino wa kuonyesha mahali chuma kinapogusana. Akishamaliza mtutu, anaingia kwenye triga, nyundo, na kile kijikono kinachong'oa ganda tupu kutoka kwenye chemba. Kijikono hicho kinakunjwa kwa mkono mpaka kibane ganda kwa nguvu inayofaa. Kikibana sana, risasi haipandi. Kikilegea, ganda halitoki. Kwenye bastola ya bei ya chini hicho ndicho kinachosumbua mara nyingi, na ni dakika za fundi tu zinazokosekana, wala si chuma kibaya.

Na chuma nacho kina siasa zake. Kipande kinaweza kufuliwa, kinaweza kusubiwa, yaani kumiminwa kwenye umbo kikiwa kimeyeyuka, kinaweza kukerezwa kutoka kwenye nondo nzima, na siku hizi kinaweza kutengenezwa kwa unga: unga laini wa chuma unachanganywa na gundi ya plastiki, unasukumwa kwenye umbo, gundi inatolewa, kisha kipande kinachomwa kwenye tanuru mpaka unga unashikana na kipande kinasinyaa kiasi cha sehemu moja kwa tano. Wapenzi wa bastola ghali wanautaja unga huo kwa dharau, kama vile ni udongo. Mimi nimevishika vipande hivyo na nimevipima. Vikitoka kwa mtu anayejua kazi yake, kwa sehemu ndogo isiyopigwapigwa, vinafaa kabisa na vinapunguza gharama. Tatizo ni pale mtengenezaji anapoweka unga kwenye sehemu inayojikunja au kupigwa kila risasi, halafu anatoza bei ya kipande kilichokerezwa. Fremu ya kusubiwa nayo inasemwa vibaya bila sababu. Zile za Ufilipino zimesubiwa, na watu wanazipiga risasi miaka na miaka.

Sasa bei. Kutoka dola mia tano kwenda elfu moja, mnunuzi anapata vingi: vilengeo vinavyoonekana, triga isiyokwaruza, mtutu uliokaa vizuri zaidi, na mtu kiwandani aliyeiangalia bastola kabla haijafungwa kwenye sanduku. Kutoka elfu moja kwenda elfu mbili, hapo nilipokuwa kule kulikuwa na kampuni kama Dan Wesson, na bado unapata kitu halisi, vipande vilivyokerezwa na mkono wa fundi kwenye sehemu zinazostahili. Ningekuwa natumia fedha yangu kwa matumizi ya shabaha, ningesimama hapo na kulala usingizi.

Kuanzia elfu tatu unalipia saa za watu. Bill Wilson, aliyeanzisha kampuni inayoitwa sasa Wilson Combat mwaka 1977 pale Berryville, alitoka kwenye ufundi wa saa, na ukiangalia kazi zake unaamini. Nighthawk Custom, iliyoanza mwaka 2004 mji huohuo, inampa fundi mmoja bastola moja kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Kama mkerezaji nautazama utaratibu huo kwa wivu. Sijawahi kufanya kazi mahali ambapo kipande kilikuwa changu kuanzia nondo mpaka sanduku. Les Baer, mtengenezaji mwingine wa Marekani, naye anauza kwa ahadi ya maandishi: bastola yake itaweka risasi ndani ya duara la inchi tatu kwa umbali wa yadi 50, na ukiongeza fedha, inchi moja na nusu. Yadi 50 ni karibu mita 46. Hiyo si hadithi. Ukikuta mtu anaweka ahadi inayopimika kwa rula, mheshimu hata kama hununui.

Juu ya hapo, elfu tano, elfu kumi, tumetoka kwenye ufundi wa silaha tumeingia kwa masonara. Kuna nakshi, kuna chuma cha mawimbi, kuna dhahabu. Cabot Guns, kampuni nyingine ya Marekani, waliwahi kutengeneza bastola mbili kutokana na kimondo cha Gibeon, kilichoangukia Namibia. Sisi wenye kimondo cha Mbozi tuendelee kukilinda.

Jambo ambalo halikuwamo kwenye ubishi wa Jumatatu ni kuuza. Wote walijua bei ya kununulia, wachache walijua bei ya kuuzia. Kabla sijarudi nyumbani nilikuwa na 1911 moja, ya kiwango cha katikati, niliyoinunua kwa mkono wa pili kihalali dukani. Mwenye nayo wa kwanza alikuwa ameipeleka kwa fundi asiyejulikana, akabadilishiwa mtutu, triga, vilengeo, na sefti, yaani kizuizi cha usalama, vyote vizuri. Mzee aliifungua akasema kazi ni safi. Lakini niliipata kwa bei iliyo chini ya vile vipuri peke yake vingegharimu vikiwa vipya, kwa sababu soko halikulipi kwa kazi ya fundi lisilomjua. Linakulipa kwa jina lililochapwa ubavuni. Nilipoiuza nilirudishiwa karibu chote nilichotoa, kwani hasara alikwisha kuibeba mwingine.

Mwenzangu wa mashine ya jirani alikwenda njia ya pili. Aliagiza kwa mtengenezaji mwenye jina, akachagua kila kitu yeye mwenyewe, rangi, vishikio, urefu wa triga, akasubiri zaidi ya mwaka. Ilipofika ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu waliacha mashine kuja kuishika. Ilikuwa imebana sana hata slaidi ilihitaji mikono miwili yenye nia. Maelekezo yakasema apige risasi 500 kwanza ili ilainike, na kwa bei za risasi za 0.45 wakati ule hiyo ilikuwa kama dola mia mbili na hamsini nyingine, kabla ya kuanza kuiamini. Ndani ya risasi hizo ilikwama mara kadhaa. Baada ya hapo haikukwama tena, sharti iwe safi na ina mafuta. Alipata haja ya fedha akaiuza. Jina lilimsaidia, hakutupwa mbali, ila vile alivyochagua kwa ladha yake havikumwongezea hata senti. Mnunuzi alisema wazi kwamba vishikio vile atavitoa.

Nikawa na picha kamili, nikarudi Dodoma, nikafungua karakana yangu Kizota. Nachonga shafti za mashine za kusaga, bushi za pampu, na mapulii. Silaha siigusi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 haichezi na mtu anayejifanya fundi wa silaha bila leseni, na mimi sina mpango wa kuitafuta leseni hiyo. Lakini habari zilisambaa kwamba kuna kijana wa Texas anazijua.

Ndipo akaja mjomba.

Mjomba wangu ananunua mahindi Kibaigwa. Wanaoujua ule mji wa kando ya barabara ya Morogoro wanajua soko lake la nafaka linavyochemka msimu ukifika, malori yanatoka mpaka nchi jirani. Pamoja na kuja kwa malipo ya simu, bado kuna wakulima wanaotaka kuhesabu noti kwa vidole vyao. Kwa hiyo mjomba ana bastola yenye kibali, ya risasi za milimita 9, yenye fremu ya plastiki, ya aina zile zilizoenea tangu jeshi la Austria lilipoipitisha Glock mwaka 1982. Ana nayo muda mrefu. Sasa mtoto wake amemwonyesha video kwenye simu, akaziona zile za Berryville zinavyong'aa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Hii unaijua?" Simu tayari ilikuwa puani pangu.

Nilimwambia naijua. Akataka kujua bei, nikampa. Kwa kiwango cha fedha cha siku zile ilikuwa inakwenda juu ya shilingi milioni saba kabla haijapanda ndege. Nilidhani atacheka. Mjomba akatikisa kichwa kama mtu anayepewa bei ya kawaida.

"Rahisi ghali, mpwa. Wewe ni fundi, unataka kuniambia kazi ya fundi mwenzako haistahili kulipwa?"

Hapo alinipata. Hicho ndicho ninachowaambia wateja wangu wanaotaka shafti yangu kwa bei ya shafti ya Kichina. Ikabidi nijibu taratibu, na nilijibu kwa siku kadhaa, kwa sababu mjomba haachi jambo kirahisi.

Nilianza na umbali. Kazi yote ile ya mtutu, nilimwambia, inanunua duara dogo kwenye karatasi iliyoko mita 46. Wewe fedha yako inabebwa kutoka dukani mpaka kwenye gari. Ukifyatua risasi kwa kitu kilichoko mita 46 utakwenda kumweleza nini mkuu wa polisi? Atakuuliza kwa nini hukuondoka. Mjomba alicheka, lakini hakukubali. Alisema chombo kizuri kinampa mtu moyo. Sikuweza kulipinga hilo, maana kuna ukweli ndani yake. Nimeona mtu anapiga vizuri zaidi kwa sababu tu anaiamini silaha yake. Nilimjibu kwamba moyo huo unapatikana pia kwa kwenda kufanya mazoezi mahali panaporuhusiwa, jambo ambalo hajalifanya muda mrefu.

Kisha risasi. Milimita 9 ndiyo inayotumiwa na majeshi na polisi wa sehemu kubwa ya dunia, ipo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na muuzaji mwenye leseni akiwa na risasi ya bastola yoyote atakuwa na hiyo. Ya 0.45 ni mapenzi ya Wamarekani. Mjomba akasema kwani hao wa Berryville hawatengenezi za milimita 9? Wanatengeneza, na zinanunuliwa sana siku hizi. Nikakubali pointi yake.

Kwenye dhamana hakuwa na la kusema. Kampuni hizi zinajivunia kuirudisha bastola yako kazini bila malipo hata baada ya miaka mingi, na kwa mtu wa Missouri au Texas ahadi hiyo ina thamani kubwa. Ni sehemu ya ile bei. Sasa wewe uko Kibaigwa. Kuitoa Marekani mara ya kwanza kunahitaji kibali cha kusafirisha cha Wizara ya Biashara yao, ambayo tangu 2020 ndiyo inayosimamia silaha za namna hii, na huku kunahitaji kibali cha kuingiza cha polisi, na yote yapite kwa muuzaji mwenye leseni. Ikipata hitilafu, safari hiyo inaanza upya kwenda, halafu inaanza upya kurudi. Umelipia dhamana ambayo hutaitumia. Na bastola iliyopatanishwa kwa mkono haikubali kipuri cha rafuni. Kila kipande kipya kinataka fundi akikalishe. Ile ya plastiki uliyonayo, ikivunjika kitu, kipuri kinaagizwa, kinachomekwa, imekwisha. Ubaya wake wote, kulegea kwake, ndiyo faida yake hapa kwetu.

Mjomba alinyamaza. Halafu akasema, "Lakini hii yangu imeanza kukwama."

Kumbe hilo ndilo lililokuwa linamsumbua siku zote, na video ilikuwa kisingizio tu. Nilimwambia aipeleke kwa muuzaji mwenye leseni anayeruhusiwa kuifungua, nami nikafuatana naye. Ilipofunguliwa nilicheka peke yangu. Ndani mlikuwa na rojo. Mjomba, kwa kuipenda bastola yake, alikuwa anaimiminia mafuta kila wiki, na kila siku inakaa kiunoni mwake sokoni, katikati ya upepo, malori, na pumba za mahindi. Vumbi la Dodoma mtu asilidharau. Udongo wetu umetokana na miamba ya graniti, hiyohiyo unayoiona imerundikana kila upande wa mji, na ndani yake kuna chembe za kwatzi ambazo ni ngumu kiasi cha kukwaruza chuma. Changanya chembe hizo na mafuta, tayari umepata dawa ya kusagia, ileile ya mzee wa Houston. Tofauti ni kwamba mzee alikuwa anasugua mpaka kipimo kifike, anaosha na kuacha. Vumbi la Kibaigwa haliachi.

Nilimweleza mjomba hapohapo, mbele ya muuzaji, kwamba laiti ile ingekuwa bastola iliyobana ya Berryville, mambo mawili yangetokea: ingekwama mapema zaidi, kwa sababu chembe hazina pa kwenda, na kila siku ya kubebwa ingekuwa inakula saa za fundi alizozilipia kwa milioni. Miaka michache tu, ingekuwa imelegea kama hiyo aliyonayo. Ingekuwa imefika palepale kwa njia ndefu.

Muuzaji, ambaye angeweza kujipatia biashara nzuri kwa kuniziba mdomo, aliunga mkono. Alionyesha mahali pengine ambapo sikupategemea: magazini, kile kisanduku cha risasi kinachochomekwa kwenye mpini. Midomo ya juu inayoshikilia risasi ilikuwa imepanuka, na springi zilikuwa zimechoka kwa kukaa na kufanya kazi miaka bila kubadilishwa hata mara moja. Hata springi ya slaidi ilikuwa imefupika. Hivi ni vitu vya kubadilisha kila baada ya risasi elfu chache, vya bei ndogo, na bastola nyingi zinazoitwa mbovu zinasumbuliwa na hivyo tu. Kule Houston mzee alikuwa akipokea bastola inayokwama, kitu cha kwanza anatumia magazini nyingine. Mara nyingi kazi iliishia hapo na hakumtoza mtu.

Kwa hiyo fedha ya mjomba ilitoka, ila ilitoka kidogo kidogo: magazini mpya, seti ya springi, usafi, na maelekezo ya kutumia tone moja la mafuta kwenye reli na kufuta mengine yote. Nilimshauri pia anunue mfuko wa ngozi wenye kifuniko, ambao unaikinga na vumbi na pia unaificha machoni pa watu, na sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti. Sanduku ndilo lililomgharimu kuliko vyote. Boliti nilizikereza mimi, na kwa hizo sikumpunguzia bei hata kidogo. Si amesema kazi ya fundi inastahili kulipwa?

Sitaki nieleweke kwamba bastola ghali ni utapeli. Ningekuwa naishi Missouri, nalenga shabaha mashindanoni, na fundi wangu yuko mwendo wa saa mbili kwa gari, ningetafuta ya dola elfu mbili kwa furaha, na huenda uzeeni ningeagiza moja yenye herufi za fundi aliyeitengeneza, kwa sababu hiyohiyo inayomfanya mtu mwingine anunue kitanda cha mninga kilichochongwa wakati cha chuma kingemlaza. Kazi ile ni ya kweli. Nimeiona ikifanywa na najua saa zake. Ninachokataa ni mtu kuambiwa kwamba saa hizo zinamwongezea usalama yeye aliyeko Kibaigwa, na ninakataa zaidi ile methali ya kizuri chajiuza. Kwenye soko hili vizuri vinajitembeza sana tu, tena kwa video zenye muziki.

Mjomba haijakwama tena bastola yake, ila hajaacha kuangalia simu. Juzi kanitumia picha ya moja yenye vishikio vya mti mweusi, anauliza ni mti gani. Nikamwambia ni mpingo, mti unaoota huku kwetu. Akapiga simu papo hapo.

"Mpwa, yaani watu wachukue mpingo wetu, wauweke kwenye chuma, waturudishie kwa dola elfu nne?"

"Elfu nne na mia tano, mjomba."

Akakaa kimya kidogo, nikajua anapiga hesabu kwa magunia. Kisha akaniagiza niulize kama fundi wa Arkansas anapokea mahindi.